Ngome ya Yesu: Kuta zilizowashinda wenye mizinga, zikashindwa na njaa

Wanafunzi wa Nairobi wanaoshuka Mombasa katika ziara za shule hawakosi kupelekwa Ngome ya Yesu. Husimama chini ya kuta zake nene za matumbawe, huonyeshwa mizinga mikongwe, kisha hurudi makwao wakiamini kwamba historia ya jengo hilo ni historia ya mizinga.

Kumbukumbu za ngome hiyo zasema vingine. Tangu ilipoanza kujengwa mwaka wa 1593 hadi Waingereza walipoigeuza gereza mnamo 1895, ilibadilisha wenyewe mara nyingi, na karibu kila mara walioitwaa hawakulazimika kubomoa ukuta. Iliingiwa kwa jambia, kwa njaa, kwa maradhi, kwa hila na kwa mapatano ambayo upande mmoja haukukusudia kuyatimiza.

Mara moja tu ndipo mizinga ilipoamua jambo, nayo ilikuwa mizinga ya meli za Waingereza, mwaka wa 1875, karibu karne tatu baada ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Sababu yake haipatikani kwa kuzipima kuta. Ngome iliyo kisiwani huishi kwa chakula cha watu walio nje yake, na hao wa nje, yaani wenyeji wa mji, wa Pemba, wa Pate na wa bara, ndio walioamua mara kwa mara ni nani atakaa ndani.

MTINDO WA MEDITERANIA

Wareno walifika Mombasa mara ya kwanza Aprili 1498, Vasco da Gama alipopita akielekea India. Hawakupatana na wenyeji. Mwaka wa 1505 Francisco de Almeida aliuteketeza mji, na mnamo 1528 Nuno da Cunha akaurudia na kuuteka tena. Hata hivyo, kwa muda wa miaka tisini hivi hawakujenga ngome kubwa hapo. Walipendelea Malindi, ambako sultani alikuwa rafiki yao na hasimu wa Mombasa.

Kilichowabadilisha nia ni Waturuki. Katika miaka ya 1580, nahodha Mir Ali Bey aliletwa na upepo wa kaskazi hadi pwani hii, akapokewa vizuri na miji kadhaa iliyochoshwa na Wareno. Mwaka wa 1589 alikuwa Mombasa manowari kutoka Goa zilipofika kumsaka. Wakati huo huo kundi la wapiganaji waitwao Wazimba lilikuwa limesimama ng'ambo, bara, likingoja kuvuka. Mji ulibanwa kati ya Wareno baharini na Wazimba nchi kavu, ukaangamia. Mir Ali Bey alikamatwa na kupelekwa Ureno.

Goa, makao makuu ya Wareno upande huu wa dunia, ikaona kwamba bandari nzuri namna hiyo haiwezi kuachwa wazi. Ureno wakati huo ilikuwa chini ya Mfalme Felipe wa Pili wa Uhispania, na kwa jina lake amri ya kujenga ikatolewa. Ngome iliwekwa wakfu Aprili 11, 1593 na kupewa jina la Yesu. Sultani wa Malindi naye alihamishiwa Mombasa ili atawale mji chini ya kivuli chake.

Mchoro ulikuwa wa Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano kutoka Milano aliyekuwa mkuu wa wajenzi wa mfalme katika India ya Wareno. Cairati alileta elimu iliyozaliwa katika visiwa na miji ya bahari ya Mediterania baada ya maafa makubwa.

Kasri za Ulaya za zama za kati zilikuwa na minara mirefu na kuta zilizosimama wima, zenye kuwatisha watu wa mishale na ngazi. Mizinga ilipokuja, urefu huo ukawa hasara, kwa kuwa kitu kirefu ni shabaha rahisi. Konstantinopoli ilianguka mikononi mwa Waturuki mwaka wa 1453. Kisiwa cha Rhodes, kilichokuwa na kasri mashuhuri la mashujaa wa Kikristo, kilisalimu amri mwaka wa 1522. Mashujaa hao walihamia Malta, wakazingirwa tena mwaka wa 1565, safari hii wakaokoka, na mwaka uliofuata wakaanza kujenga mji wa Valletta kwa mtindo mpya wa Waitaliano.

Mtindo huo ulikuwa wa kuta fupi, nene, zenye mteremko kidogo, na buruji zinazochomoza pembeni. Mpiga mzinga aliye juu ya buruji moja huona uso wote wa ukuta wa jirani, hivi kwamba adui anayejibanza chini ya ukuta hana mahali pa kujificha. Ngome ya Mombasa ina buruji nne za aina hiyo, zilizopewa majina ya watakatifu: Filipe, Alberto, Mateus na Matias. Kwa upande wa nchi kavu pamechimbwa handaki ndani ya mwamba wa matumbawe.

Anayeitazama kutoka angani huona umbo kama la mtu aliyelala, kichwa chake kikielekea baharini. Hilo si ajali. Wasanifu wa Italia wa karne hiyo waliamini kwamba vipimo vilivyo kamili ni vile vya mwili wa binadamu, na shirika la UNESCO lilitaja sifa hiyo lilipoiingiza ngome hiyo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2011.

Waashi walitoka India na vibarua wakatoka pwani hii. Mwamba uliochongwa ni wa Mombasa. Kufikia 1596 kazi kubwa ilikuwa imekwisha.

JAMBIA LA SULTANI

Kuta hizo zilikuwa na udhaifu mmoja ambao Cairati hakuweza kuuchora. Mchele wa kuwalisha askari ulitoka Pemba. Bidhaa za bara, kama vile pembe za ndovu, zilipitia mikononi mwa Wamijikenda, na Wareno walilazimika kuwapa watu hao nguo ili kununua amani. Makupa, mahali ambapo magari hupita leo kwa maelfu, palikuwa kivuko cha miguu wakati wa maji kupwa, na huko walijenga vijingome vya kulinda njia. Yaani ngome kubwa ilihitaji ngome ndogo, na zote zilihitaji ridhaa ya jirani.

Ridhaa hiyo ilianza kupotea mapema. Sultani Hasan bin Ahmad, wa ukoo ule ule wa Malindi uliokuwa rafiki, aligombana na makapteni wa ngome kuhusu mapato na heshima yake. Mnamo 1614 alikimbilia bara, akauawa huko Rabai kwa uchochezi wa Wareno.

Mwanawe Yusuf, aliyekuwa mtoto, alipelekwa Goa. Alilelewa na mapadri wa shirika la Mtakatifu Agustino, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia. Baada ya miaka mingi alirejeshwa Mombasa akiwa sultani Mkristo, mtu ambaye Wareno walimhesabu kuwa wao.

Wenyeji hawakumwamini kwa sababu ya dini yake mpya, na kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, hakumheshimu kwa sababu ya asili yake. Kisha kapteni akapata habari kwamba sultani alionekana kwenye kaburi la babake akiomba Kiislamu. Kosa kama hilo lilitosha kumpeleka mtu mbele ya mahakama ya kanisa huko Goa.

Yusuf hakungoja. Mnamo Agosti 16, 1631 aliingia ngomeni pamoja na watu wake kama mtu aliyekuja kumwamkia kapteni, akamchoma jambia. Walinzi waliuawa na ngome ikawa yake kabla ya jua kuchwa. Katika siku zilizofuata, Wareno waliokuwa mjini na Wakristo wenyeji waliokataa kuiacha dini yao waliuawa pia, wanawake na watoto wakiwa miongoni mwao. Kanisa Katoliki huwakumbuka kama mashahidi wa Mombasa. Historia inayomsifu Yusuf kama mpigania uhuru aghalabu hulipita jambo hilo kimya kimya, jambo ambalo si haki kwa waliokufa.

Manowari zilitumwa kutoka Goa mwanzoni mwa 1632. Zikaipiga ngome kwa mizinga, zikajaribu kuteremsha askari, zikashindwa na kuondoka. Kuta za Cairati zilikuwa zimefaulu mtihani wao wa kwanza, ila zilifaulu kwa kuwazuia waliozijenga.

Yusuf mwenyewe hakukaa. Aliona kwamba zitarudi nyingine, na miji ya pwani haikuinuka kumuunga mkono kama alivyotarajia. Aliiharibu ngome kadiri alivyoweza, akapanda meli aliyoiteka, akaondoka. Wareno waliporejea Agosti mwaka huo walikuta jengo tupu. Juu ya lango lipo hadi leo jiwe la mwaka wa 1635 lenye maandishi ya kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekuwa na umri wa miaka 27, akijisifu kwa kuikarabati ngome na kuzitiisha nchi za pwani.

MIEZI THELATHINI NA TATU

Kutiishwa huko hakukudumu. Mwaka wa 1650 Waomani waliwafukuza Wareno kutoka Maskati, na watu wa pwani wakaanza kutuma wajumbe Oman kuomba msaada. Mnamo Machi 1696 majeshi ya Imamu Saif bin Sultan yaliwasili Mombasa na kuuzingira mlango wa ngome.

Ndani mlikuwa na Wareno makumi kadhaa tu. Wengi wa waliokimbilia humo, waliohesabika kwa mamia, walikuwa watu wa pwani: Waswahili wa miji iliyoshirikiana na Ureno, watumishi, wake zao na watoto wao. Waomani nao walisaidiwa na Waswahili wa upande wa pili, hasa wa Pate. Kuviita vita hivyo vya Waislamu na Wakristo ni kuvirahisisha mno.

Mizinga ya Waomani haikutoboa ukuta. Kwa hiyo walikaa, wakangoja. Maji ya kunywa yalitegemea birika la kukusanyia mvua. Chakula kilipungua. Meli za msaada zilipofika mwishoni mwa 1696 zilileta askari na vyakula, lakini tauni ikazuka ngomeni na kuua wengi kuliko risasi. Kufikia katikati ya 1697 karibu Wareno wote walikuwa wamekufa, na mwishoni mwa Agosti kapteni wao, António Mogo de Melo, akawafuata.

Hapo ndipo historia ya ngome hii inapofikia sehemu yake ya ajabu. Aliyeshika uongozi ni Bwana Daud wa Faza, Mswahili na Mwislamu kutoka kisiwa cha Pate, ambaye mji wake ulikuwa na uhasama wa siku nyingi na watawala wa Pate. Pamoja na jamaa zake, wanaume wachache na wanawake wapatao 50, aliilinda ngome yenye jina la Yesu dhidi ya jeshi la Imamu wa Oman hadi msaada ulipowasili Septemba. Wanawake hao walisimama zamu juu ya kuta. Vitabu vya shule huwataja makapteni na maimamu, na mara chache sana huwataja wao.

Manowari iliyoongoza msaada huo iliitwa Santo António de Tanná. Mwezi uliofuata ilizama mbele ya ngome, na ikabaki chini ya maji hadi wazamiaji wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa taasisi ya akiolojia ya baharini walipoichunguza kuanzia 1977 hadi 1980. Vyombo vilivyotolewa humo, vikiwemo vyungu na vyombo vya Kichina, ni miongoni mwa hazina za makavazi yaliyomo ngomeni.

Mzingiro ukaendelea mwaka mzima zaidi. Usiku wa kuamkia Desemba 13, 1698 Waomani walikwea ukuta ambao haukuwa tena na watu wa kutosha kuulinda, wakakuta kikundi kidogo cha wagonjwa na wenye njaa. Miezi 33 ilikuwa imepita. Siku chache baadaye meli nyingine kutoka Goa zilitokea, zikaona bendera ya Oman juu ya buruji, zikageuza.

WAKAAJI WAPYA, MAKOSA YA ZAMANI

Waomani walioingia hawakuchukua muda kurudia makosa ya wenzao. Waligombana wao kwa wao, wakawaonea wenyeji, na mnamo 1728 Wareno waliikalia ngome tena kwa kuwa watu wa pwani waliwakaribisha. Baada ya mwaka mmoja wenyeji hao hao walichoka, wakawazingira na kuwanyima chakula. Novemba 1729 njaa iliwatoa, wasirudi tena.

Wazee wa Mombasa, wa Mataifa Matatu na Mataifa Tisa, ndio waliokwenda Oman kuomba liwali. Ni jambo la kuangaliwa kwa makini: mji ndio uliofungua mlango na kuchagua mgeni. Kutokana na mapatano hayo uliingia ukoo wa Mazrui, uliotawala Mombasa kwa takribani karne moja.

Huko Oman ukoo wa Busaidi ulipotwaa madaraka, Mazrui wa Mombasa walikataa kuutambua. Mnamo 1746 liwali Muhammad bin Uthman aliuawa kwa hila na watu waliotumwa kutoka Oman, na nduguye Ali akafungwa ngomeni. Ali alitoroka, akakusanya wafuasi wa mjini na wa bara, akairudia ngome na kuitwaa. Kuanzia hapo Mombasa ikajitawala.

Kipindi hiki ndicho Wakenya wapenzi wa ushairi wanachokijua bila kujua kwamba wanakijua, maana ndicho cha Muyaka bin Haji, aliyewatungia Mazrui mashairi ya kuwatia moyo dhidi ya Sayyid Said wa Oman na Zanzibar. Mwaka wa 1824 Mazrui waliomba hata ulinzi wa Waingereza, na kapteni William Owen akakubali bila idhini ya London. Luteni John James Reitz, aliyeachwa Mombasa kusimamia mambo, alikufa kwa homa baada ya muda mfupi na jina lake likabaki Port Reitz. Mwaka wa 1826 London iliukana mpango wote.

Sayyid Said aliishambulia Mombasa mara kadhaa kutoka 1828, akafanikiwa kuweka askari wake ngomeni kisha wakatolewa. Mwaka wa 1837 Mazrui walipogombania urithi, alipata nafasi. Aliafikiana nao, akaingia ngomeni kwa mapatano, halafu viongozi wao wakakamatwa na kupelekwa ng'ambo, Ghuba ya Uajemi, ambako walifia kizuizini. Nguvu ya Sayyid Said ilikuwa kubwa, lakini ngome aliipata kwa kalamu.

Ndipo ukaja ule mwaka wa 1875. Akida Muhammad bin Abdallah, aliyekuwa mkuu wa askari wa Sultani wa Zanzibar ngomeni, aliasi na kuupiga mji kwa mizinga. Meli mbili za kivita za Uingereza, Nassau na Rifleman, zikaishambulia ngome hadi akida akasalimu amri. Mizinga ya zama hizo haikuwa ile ya Cairati. Tena akida huyo, kwa kuwa alikuwa ameushambulia mji, hakuwa na wa kumsaidia nje.

GEREZA

Waingereza walipoanzisha utawala wao mwaka wa 1895 waliifanya ngome kuwa jela, na ikabaki hivyo hadi 1958. Bendera ya Sultani wa Zanzibar iliendelea kupepea juu yake, kwani pwani ilikuwa milki yake kwa jina, hadi makubaliano ya Oktoba 1963 yalipoiunganisha pwani na Kenya huru.

Neno "gereza" lenyewe, kwa maelezo ya wanaisimu, limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ndani ya ngome za Wareno mlikuwa na makanisa, na ngome zilipogeuzwa mahali pa kufungia watu jina likabaki. Ngome ya Mombasa ina misingi ya kanisa lake hadi leo. Wareno waliikalia Mombasa kwa zaidi ya karne moja, na katika Kiswahili waliacha meza, bendera, leso, karata na gereza.

Mnamo Oktoba 1958 ngome ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mwanaakiolojia James Kirkman, kwa msaada wa fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, aliondoa majengo ya jela na kuchimba tabaka za zamani, kisha makavazi yakafunguliwa. Miongoni mwa vilivyookolewa ni ukuta uliochorwa na askari wa Kireno waliokuwa zamuni. Walichora meli nyingi, kwa makaa na udongo mwekundu. Mtu asihitaji kuambiwa walikuwa wakiwaza nini.

Adui wa sasa hana jeshi. Mawimbi yamekuwa yakila mwamba wa matumbawe ulio chini ya upande wa bahari, upande ule wa kichwa cha mtu aliyelala, hadi wahifadhi wakahofia kwamba sehemu ya ngome ingeporomoka. Mwishoni mwa miaka ya 2010 serikali ilianza kujenga ukuta wa kuyazuia maji hapo. Anayetembea juu yake leo huwa na ngome upande mmoja na lango la bandari ya kale upande wa pili, mahali ambapo Santo António de Tanná ilizama. Akizunguka hadi kwenye lango atalikuta jiwe la Seixas de Cabreira, kapteni wa miaka 27, likiwa mahali pake. Bwana Daud wa Faza hakuchongewa jiwe.